Je, Dola Kubwa Huchagua Vita Vyake au Huvutwa Vitani? Darsa Katika Khabari za Kisii

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Msomaji wetu mtukufu, darsa yetu ya leo haikuanza kitabuni, ilianza safarini. Tulikwenda Kisii kuwazuru ndugu zetu, na baada ya kusali alasiri tukakaa nao barazani. Miongoni mwa waliokuja kutuamkia alikuwako mzee mmoja wa Kikisii kutoka upande wa Nyamira. Si mwenzetu katika dini, lakini ni mtu wa adabu, mwenye kuhifadhi khabari za wazee wake. Alipokwisha kunywa kahawa alisema: "Shehe, mimi nina suali. Skuli nilifundishwa kwamba Waingereza hawakutaka vita na sisi. Ni sisi tuliowavuta, kwa mkuki wa Otenyo. Na babu yangu akinambia kwamba waliotupiga risasi hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwako watu weusi, na jua likitua baadhi yao wakisimama safu wakisali kama mlivyosali nyinyi sasa hivi. Basi niambieni: mwenye nguvu huvichagua vita vyake au huvutwa navyo? Na wale waliosali, wao walichagua nini?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo, wala hatukuona vyema kumjibu mzee yule kwa maneno ya kupita njia. Tulimwomba muhula, naye akatupa. Tuliporejea tulilifanya suali lake kuwa darsa ya mikutano mitatu, na haya mnayoyasoma ndiyo mukhtasari wake.

MIZANI YA KUPIMIA

Mtu akisema "nilichagua" na mwingine akisema "nililazimishwa", kadhi hawezi kuamua kwa kusikia maneno tu. Hana budi kuwa na mizani. Wanavyuoni wetu wa fikihi wametuachia mizani tatu, nazo zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Lakini dola ni watu, na dhulma ya watu wengi haigeuki kuwa uadilifu kwa sababu ya wingi wao. Kwa hivyo tunaona mizani hizi zafaa kutumika hapa.

Ya kwanza ni mizani ya ikrahi, yaani kulazimishwa. Haikubaliwi kwa mtu kudai amelazimishwa ila yathibiti mambo haya: anayemtisha awe na uwezo wa kutimiza tishio lake, mwenye kutishwa asiwe na njia ya kuepuka, kwa kukimbia wala kwa kuomba msaada, na awe na dhana yenye nguvu kwamba akikataa litampata hilo analotishwa nalo. Likikosekana moja katika haya, madai yake huanguka.

Ya pili ni mizani ya kumzuia mshambulizi. Aliyevamiwa ana haki ya kujitetea, lakini huanza kwa jepesi kabla ya zito. Anayeweza kuzuiwa kwa ukelele hapigwi fimbo, na anayeweza kuzuiwa kwa fimbo hapigwi upanga. Na mshambulizi akigeuza mgongo akakimbia, haandamwi kuuawa, kwani shari imekwisha kuondoka.

Ya tatu ndiyo iliyotufaa zaidi, nayo ni hukumu ya msafiri wa maasi. Msafiri wa halali akishikwa na njaa asipate chakula, huruhusiwa kula mzoga kiasi cha kuokoa roho yake. Lakini aliyetoka nyumbani kwake kwa nia ya kuteka njia na kuwanyang'anya watu, kisha akashikwa na njaa ile ile porini, katika madhehebu yetu ya Shafii hana ruhusa hiyo mpaka atubie. Wanafunzi wetu waliuliza: "Kwani njaa yake si ya kweli?" Tukasema: njaa yake ni ya kweli kabisa, ila safari iliyomfikisha kwenye njaa hiyo aliichagua mwenyewe. Hukumu haiangalii tumbo lake peke yake, huangalia na nyayo zake, zilitoka wapi na zilikuwa zikenda wapi.

Mshike mfano huu, kwani tutaurejea.

KHABARI ZA KISII, NGAZI KWA NGAZI

Nchi ya Wakisii ni vilima vyenye rutuba na mvua nyingi, mashariki ya ziwa Nyanza. Wenyewe hujiita Abagusii, na wamegawanyika katika koo kubwa kama Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Majoge, Wanjare na Mugirango. Nyamira, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii, leo ni kaunti ya peke yake. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa watu hawa hawakuwa na ugomvi wowote na Uingereza. Walikuwa na ugomvi wa kawaida na majirani zao, wa mifugo na wa mipaka, kama walivyo majirani wengi duniani.

Ngazi ya kwanza ilikuwa ni karatasi. Reli iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu, mwezi wa Disemba 1901. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishwa kwa amri ukatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ili reli yote iwe chini ya serikali moja. Kwa amri hiyo Wakisii walitolewa katika himaya moja wakatiwa katika nyingine, nao hawakuulizwa, wala hawakujua kuwa walikuwamo katika ile ya kwanza. Siku ile haikulia hata bunduki moja. Hakuna aliyesema kuna vita. Lakini tangu siku ile, Mkisii aliyefanya jambo ambalo babu yake alilifanya miaka yote, aliweza kuitwa mwasi.

Ngazi ya pili ilikuwa ni kutiwa adabu. Mwaka 1905 lilipelekwa jeshi dhidi ya Wakisii, na sababu iliyotajwa ni kunyang'anya ng'ombe za majirani. Watu wenye mikuki na ngao walikabiliana na bunduki ya Maxim, ambayo wazee wetu wakiiita bombomu. Afisa mmoja aliyekuwako aliandika baadaye kwamba bunduki hiyo ilipiga muda mrefu hata ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Tutumie hapa mizani ya pili: ikiwa kosa ni wizi wa ng'ombe, je, lilianzwa jepesi kabla ya zito? Na mwizi aliyemwibia jirani yake, ni nani aliyemshambulia Mwingereza?

Ngazi ya tatu ilikuwa ni kituo na kodi. Mwaka 1907 serikali ilifungua kituo mahali panapoitwa Getembe, ndipo ulipo mji wa Kisii leo, na afisa aliyewekwa hapo alikuwa kijana aitwaye Geoffrey Northcote. Kituo kikaja na amri, na amri zikaja na kodi ya nyumba. Wazee wa Kisii husimulia kwamba mwaguzi wao, Sakawa, aliyekufa kabla ya hayo, aliwahi kuwaonyesha pale pale Getembe na kuwaambia kwamba wageni watapajenga.

Ngazi ya nne ilikuwa ni mkuki. Katika Kitutu alikuwako mwanamke mmoja mganga, jina lake Moraa, ambaye aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Mwezi wa Januari 1908, kijana Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa, hakufa; aliishi miaka mingi baada ya hapo, hata akawa Gavana wa Hong Kong. Lakini kwa jeraha la mtu mmoja aliyepona, jeshi lilirejea mara ya pili. Nyumba zilichomwa moto, mashamba yakaharibiwa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa, na watu wakauawa.

Ikiwa msomaji adhani sisi twatia chumvi, basi na amsikilize shahidi ambaye hakuwa rafiki wa Waafrika. Winston Churchill, ambaye wakati ule alikuwa naibu wa waziri wa makoloni mjini London, alisoma ripoti zilizoletwa mwezi wa Februari 1908, zikisema kwamba wamekwisha kuuawa watu 160 na upande wa serikali haukupata hasara mpya. Hakukanusha kwamba koo hizo zastahili adhabu, lakini aliandika kwamba hapendezwi na ripoti hizo, kwamba mambo hayo yanafanana na machinjo, na kwamba haiwezekani iwe ni lazima kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasio na cha kujikingia. Alihofu pia khabari zisije zikafika bungeni. Huyo ndiye shahidi wa nyumba yenyewe.

Ama Otenyo, wazee husimulia kwamba alipigwa risasi hadharani na kwamba kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa Uingereza, na mpaka zama zetu hizi wako Wakisii wanaokidai kirudishwe kizikwe.

HOJA YA WASEMAO "WALIVUTWA"

Insafu yatupasa tuitaje hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, kwani mwenye kuishinda hoja dhaifu hajashinda kitu.

Wao husema hivi. Serikali ya London haikuwa na hamu ya vita vya Kisii. Vita ni gharama, na himaya ilikuwa maskini. Majirani walikuja kulalamika kwamba wananyang'anywa, na mtawala asiyesikia malalamiko si mtawala. Afisa aliyeko huko mbali huona hatari kwa macho yake, naye huamua kabla simu haijafika London. Na ikifika, damu imekwisha kumwagika. Kisha afisa akichomwa mkuki na serikali ikanyamaza, kesho watachomwa wengine. Kwa hivyo dola ilivutwa, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa haina budi kwa sababu ya ile iliyotangulia.

Sisi twasema: katika hoja hii mna ukweli, nao ni huu, kwamba dola haina moyo mmoja. London hakujua kila alilolifanya afisa, na huenda lau angeulizwa mapema angekataa. Lakini tumwulize bwana wa shamba ambaye mtumishi wake amekwenda akampiga jirani: "Ulipopata khabari ulifanyaje?" Akisema, "Nilisikitika sana," twamwuliza tena: "Na mipaka uliyoisogeza uliirudisha?" London ilisikitika mwezi wa Februari 1908. Lakini kituo cha Getembe hakikuondolewa, wala kodi haikufutwa. Mwenye kuchukia tendo na akayashika matunda yake, ameliridhia.

Ama neno lao kwamba kila hatua ilikuwa haina budi kwa sababu ya iliyotangulia, hilo ndilo tamko la yule msafiri wa maasi. Ni kweli kwamba afisa aliyechomwa mkuki alikuwa katika hatari. Lakini alifikaje pale? Otenyo hakuvuka bahari kwenda kumvizia mtu London. Tukipima kwa mizani ya kwanza: je, Mkisii alikuwa na uwezo wa kuitisha dola ya Uingereza? Hakuwa nao. Je, dola ilikuwa haina njia ya kuepuka? Ilikuwa nayo, nayo ni ile njia ya reli iliyokuja nayo. Basi sharti mbili zimeanguka, na madai ya kulazimishwa yameanguka pamoja nazo.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la darsa hii. Dola yenye nguvu huchagua vita vyake mapema, kwa utulivu, wakati ambapo hakuna anayeviita vita. Huvichagua kwa karatasi, kwa mpaka, kwa kituo, kwa mkataba. Kisha mkuki ukirushwa, husema kwa mshangao, na pengine kwa kuamini kabisa: "Tumevutwa!" Nao waandishi wa khabari huanza kuhesabu siku tangu siku ya mkuki, kana kwamba kabla yake hapakuwa na siku.

MWAKA 1914: NI NANI ALIYEVUTWA KWELI?

Miaka sita baada ya mkuki wa Otenyo, vita viliingia Kisii mara nyingine, na safari hii Wakisii hawakuwa upande wowote. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana huko Ulaya. Waingereza walisema wamevutwa na ahadi yao ya kuilinda Ubelgiji, nasi hatutaki kuiingilia hoja hiyo. Lakini hapa Afrika ya Mashariki palikuwa na mlango wa kutokea. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 yaliruhusu nchi za upande huu zisitiwe katika vita vya Ulaya, na magavana wa pande mbili, Belfield wa Nairobi na Schnee wa Dar es Salaam, hawakuwa na shauku ya kupigana. Mlango huo haukutumiwa. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iliupiga kwa mizinga mtambo wa simu wa Dar es Salaam, na tarehe 15 Agosti Wajerumani waliiteka Taveta. Madola mawili yaliuona mlango uko wazi, na kila moja likachagua kuufunga.

Mwezi wa Septemba jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likaingia Kisii, na maafisa wa Kiingereza wakauhama mji. Tarehe 12 Septemba 1914 askari wa Keya walifika wakapigana nao vilimani mpaka Wajerumani wakarudi nyuma. Katika siku zile za mji kukosa mwenyewe, baadhi ya Wakisii, wakidhani dola ya Waingereza imekwisha, walipora maduka na misheni. Waingereza waliporejea waliwaadhibu kwa kuwachukulia ng'ombe. Kisha vita vilipozidi kuwa virefu, vijana wa Kisii, kama vijana wa nchi zote za huku, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi hicho limebakia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa na uchovu ni makumi ya maelfu.

Pima basi kwa mizani ya kwanza. Anayemtisha ana uwezo? Naam. Kuna njia ya kuepuka? Hapana, kwani nchi ni yake na hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo neno "kuvutwa vitani" lina watu wanaolistahiki, nao ni yule mkulima wa Nyaribari aliyetolewa shambani kubeba sanduku la risasi, katika vita vya watu wawili asiowajua, vilivyoanza kwa sababu ambayo hakuna aliyemweleza.

TUSIJITAKASE SISI WENYEWE

Yawezekana msomaji wa pwani akasema: "Hayo ni ya Wazungu na Wakisii, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza, kwamba ngazi zile zile zilipandwa kwetu kabla ya kupandwa Kisii. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba huko Ulaya, na kwa mkataba huo Witu ikatolewa katika himaya ya Wajerumani ikatiwa katika himaya ya Waingereza, bila Sultani Fumo Bakari kuombwa rai. Mwezi wa Septemba, Wajerumani kadhaa walioongozwa na mtu aitwaye Küntzel waliuawa huko Witu. Mwezi wa Oktoba manowari za Kiingereza zilileta jeshi na Witu ikachomwa moto. Zingatia, ndugu msomaji: karatasi mwezi wa Julai, damu mwezi wa Septemba, moto mwezi wa Oktoba. Kisii ilichukua miaka sita. Witu ilichukua miezi mitatu.

Ya pili ni chungu zaidi, kwamba hata sisi tulipokuwa na nguvu tulichagua. Mwaka 1812 hivi, Mombasa na Pate ziliungana zikaivamia Lamu, wakapigana Shela. Mombasa haikuwa imevamiwa na Lamu. Ilitamani, ikachagua, ikashindwa. Watu wa Lamu, kwa kuhofu kuvamiwa tena, waliomba hifadhi kwa Sayyid Said wa Oman, naye akaweka mguu wake hapo. Na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikawa mikononi mwake. Waliochagua vita vya Shela hawakuchagua yaliyofuatia. Na hii ni hali ya vita siku zote: mlango wa kuingilia huuchagua mwenye nguvu, lakini mlango wa kutokea si wake.

JE, HAKUNA DOLA INAYOVUTWA KWA HAKI?

Iko. Hatusemi kwamba kila mwenye jeshi ni dhalimu. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, katika ardhi ya Tanzania, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni yake. Hapa pana mshambulizi, pana ardhi iliyotekwa, na pana watu waliouawa majumbani kwao. Rais Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui vyote vipo, na hatudhani mwanachuoni yeyote angemkatalia haki ya kumtoa Amin katika Kagera.

Lakini mizani haikuishia hapo. Adui alipokwisha kutolewa, jeshi la Tanzania liliendelea ndani ya Uganda mpaka likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wako wasemao kwamba shari ya Amin isingeondoka ila kwa kuondoka kwake; na wako wasemao kwamba aliyekimbia haandamwi. Katika darsa yetu walikuwako wa rai zote mbili, nasi hatukuwalazimisha kuafikiana. Tulilokubaliana ni hili: Tanzania ilivutwa mpaka mpakani, na kutoka mpakani hadi Kampala ilichagua. Huenda ilichagua vyema. Lakini ilichagua, na mwenye kuchagua ndiye mwenye kuulizwa.

Vivyo hivyo na nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, na serikali ilisema imevutwa na watu waliokuja kuteka nyara wageni katika pwani ya Lamu. Utekaji nyara ulikuwa wa kweli, na aliyevamiwa ana haki ya kujitetea. Lakini kutoka kuulinda mlango mpaka kuingia nyumba ya jirani na kukaa humo ni hatua za kuchagua, na hatua hizo zilitaka mashauri mapana kuliko yaliyofanywa. Wavuvi wa Lamu waliokatazwa kwa miaka kuvua usiku, na wajane wa Mpeketoni wa mwezi wa Juni 2014, hawakuwako katika baraza iliyoamua.

JIBU LETU KWA MZEE WA NYAMIRA

Ilibakia sehemu ya pili ya suali lake, nayo ndiyo iliyotunyima usingizi: wale waliosali, walichagua nini?

Khabari ni ya kweli. Kikosi cha East African Rifles kiliundwa Mombasa mwaka 1895, na ndani yake mlikuwamo Wasudani na Waswahili. Na mwaka 1902 kikatiwa katika Keya. Hao ndio waliokuwa mkononi mwa dola. Tungeweza kusema kwamba askari mdogo hana hiari, kwamba alikuwa na mshahara wa kuwalisha watoto na amri ya kutii. Lakini fikihi yetu haituruhusu. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba ikrahi, ambayo humwondolea mtu dhambi katika mambo mengi, haimwondolei dhambi ya kuua. Anayeambiwa "Muue fulani, ama sivyo nitakuua wewe" hana ruhusa ya kumuua, kwa sababu roho yake si bora kuliko roho ya mwenziwe. Ikiwa hii ndiyo hukumu ya mwenye upanga shingoni, je, hukumu ya mwenye mshahara mfukoni itakuwaje?

Na Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Maida kwamba hata chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Wakisii hawakutuchukia wala hatukuwachukia; basi hapo udhuru wetu ni mdogo zaidi.

Tuliporejea Kisii tulimwendea mzee yule kwake, kwa kuwa mwenye deni ndiye aendaye. Tukamwambia: "Mzee wetu, jibu la suali lako la kwanza ni kwamba waliuchagua, na wala si siku ya mkuki, bali siku ya karatasi. Nyinyi ndio mliovutwa. Na jibu la suali la pili ni kwamba wale wa kwetu nao walichagua, na sala yao haikuwa ruhusa. Hatuwezi kusema kwa ulimi wao, kwa kuwa wamekwisha kwenda mbele ya Mola wao. Kwa ulimi wetu sisi twakwambia kwamba lilikuwa ni dhulma."

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha alisema: "Hilo neno la mwisho, babu yangu alilingoja mpaka akafa." Akamwita mjukuu wake, akamwamuru akae kitako asikilize, akatuomba tuliseme tena.

FAIDA YA DARSA

Basi ndugu zetu, mtu asikungojeshe mpaka siku ya mkuki ndipo akuulize kama unaunga mkono vita. Siku hiyo ni ya kuchelewa. Siku hiyo kila mtu ana hofu, na mwenye hofu hana rai. Kaeni macho siku ya karatasi, siku mipaka inapochorwa, vituo vinapofunguliwa na mikataba inapotiwa saini kimya kimya. Semeni siku hiyo, kwa adabu na kwa hoja. Na ikiwa taifa lenu limekwisha kuingia safari ya maasi, msikate tamaa wala msiseme "hapana njia ila mbele". Yule msafiri tuliyemtaja, ruhusa yake hurejea pale pale alipo, akitubia na kugeuza uso wake kuelekea nyumbani.

Na kwa wenye kuendesha darsa hii misikitini na madrasani, haya ni masuali ya kuwauliza wanafunzi:

1. Ni zipi sharti za ikrahi, na ni zipi kati yake zilizokosekana katika vita vya Kisii vya mwaka 1905 na 1908?

2. Kwa nini msafiri wa maasi hapewi ruhusa ingawa njaa yake ni ya kweli, na mfano huu waifaaje dola?

3. Linganisheni Witu ya mwaka 1890 na Kisii. Ngazi gani ni moja, na ngazi gani zatofautiana?

4. Katika vita vya Kagera, ni mahali gani kuvutwa kulikwisha na kuchagua kukaanza?

Mwenye jibu bora kuliko letu na atuandikie, nasi tutalishukuru. Tumeyasema haya kwa kadiri ya elimu yetu. Lililo sawa ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na lililo kosa ni letu. Wallahu aalam.